Mama Kabichi na Shairi la Ijumaa

Baada ya miaka ishirini na tisa jikoni mwa shule yetu hapa Tawa, Bi. Wariara Gathua, mpishi mkuu, anastaafu tarehe 30 Juni. Alikuja mwaka 1996 kutoka milimani, akiwa na sanduku moja na sweta mbili. Wasichana wakamwita Mama Kabichi, kwa sababu siku ya kwanza aliuliza kabichi ziko wapi. Hazikuwepo.

Muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, aliutazama kama mtu aliyeletewa kesi. Baada ya mwaka mmoja alikuwa akiupika vizuri kuliko mama zetu, jambo ambalo hatukumwambia.

Lakini sifa yake kubwa ni ubao wa chakula. Kila Ijumaa, chini ya neno “githeri”, aliandika kwa chaki ubeti mmoja wa kuililia nchi yake. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nilipita kuhesabu mizani na kumpa alama. Huu hapa ulipata tisa kwa kumi:

Ukungu kwetu mtamu, wafunika hata mbuzi,
Huku jua lina hamu, lachoma hadi mizizi,
Nimechoka na kudumu, mbali na yangu makazi.

Wasichana walikariri beti hizo kuliko vitabu vya mtihani. Wako mawakili Nairobi ambao hawajawahi kufika milimani na wanaulilia ukungu wa watu. Mbula, mpishi mwenzake na mjane wa hapa karibu, alikuwa akimjibu kwamba hata mvua ikinyesha Tawa, Bi. Wariara atalia tu.

Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba anastaafu, kamati ya ustawi haikuuliza mtu. Tulikuwa tumesoma malalamiko ya miaka ishirini na tisa. Tungeuliza nini tena? Mwenyekiti wetu, Bw. Muthama, akakodi pikapu ya kumrudisha kwao. Tukanunua blanketi zito na gambuti. Bi. Wariara akashukuru, akashika blanketi, akarudi jikoni haraka. Tukadhani ni furaha.

Hatukujua kwamba Aprili alienda kwao kwa siku mbili, mara ya kwanza tangu amzike mama yake mwaka 2003. Kijiji hakipo. Nyumba zilivunjwa, pakapandwa miti, na waliokuwa majirani wametawanyika. Alirudi, akawasha moto, akapika chai ya saa nne. Baada ya kelele zote zile aliona aibu kutuomba abaki.

Ijumaa iliyopita akaandika ubaoni:

Nimefika, sikukuta, kijiji kimeshakwenda,
Baridi ikanipata, mgongo ukanipinda,
Muthokoi niliita, na jua nikalipenda,
Moyo wangu umegota, Tawa ndiko nimepanda.

Nilihesabu mizani. Nane kwa nane, vina vimetulia. Nikampa kumi kwa kumi, ya kwanza maishani mwake, nikaenda zangu darasani nikijipongeza kwa kazi nzuri ya ualimu. Ni Kaluki, anayeosha sufuria, aliyenifuata mpaka mlangoni.

“Mwalimu, huyu mama hataki kwenda. Wewe unahesabu nini?”

Nimefundisha ushairi miaka kumi na minane na sijawahi kuona haya kama siku hiyo. Tulikuwa tumebakisha siku chache tumpakie mwenzetu kwenye pikapu, na gambuti zake, tukamshushe msituni huku tukipunga mikono.

Mbula aliposikia hakuitisha mkutano. Alisema tu, “Shamba langu ni kubwa, na kelele zake nimezizoea.” Akapima kwa hatua mahali pa nyumba ya vyumba viwili. Bi. Wariara alilia mbele ya watu, akasema moshi umemwingia, ingawa moto ulikuwa haujawashwa.

Jumamosi hii ni mwethya, kazi ya pamoja ya kumjengea. Kila mfanyakazi aje kwa Mbula saa mbili asubuhi na jembe au sepetu yake. Walimu wa sayansi nao, safari hii bila visingizio. Pikapu imekwisha kulipiwa, basi itabeba mchanga.

Asante, Bi. Wariara, kwa kulisha watoto wetu na kutuvumilia sisi tuliokusoma bila kukusikia. Wastaafu wengine huwa tunawaambia waende salama. Wewe huendi popote. Tunakutakia maisha marefu na mema, hapa kwenu.

Kyule, kwa niaba ya wafanyakazi wote