Fungueni Mikono: Papa Mahmoudi Anarudi Nyumbani

Papa Mahmoudi ameongoza wageni katika parke yetu miaka makumi tatu na moja. Tarehe makumi tatu ya mwezi wa sita atarudisha kofia na buti. Wenzake wamenituma mimi, Josée wa jikoni, ninayepika chakula cha makako, nyani wa parke, niandike haya.

Alitoka mutaa wa Mangobo akiwa kijana mwembamba, kazi yake kufagia majani. Wakati ule makako walikuwa ndani ya vizimba. Vizimba vilipochakaa wakaachwa huru, na wageni wakaanza kulia: kofia, mikate, yote inapanda juu ya miti. Ni yeye aliyeleta sheria ya mulangoni: kila mutu afungue mikono, makako waone haina kitu, ndipo apite. Mukubwa mumoja alikataa, akasema yeye si mwizi. Alirudi bila miwani, Papa Mahmoudi akimushika mukono njia nzima.

Tulikuwa tunamuchokoza kwamba makako wanamupenda sababu kwao Waislamu hawawakule. Yeye anatujibu kwamba sisi tunanuka sufuria.

Bon, kuna siku moja siwezi kuiruka. Mudogo wangu Clémence alifika na pikipiki kutoka Banalia, kitunga, kikapu cha kubebea, mugongoni, akapita parke ili mutoto wangu Lydie, wa miaka mine, amuonyeshe makako. Mulangoni wakafungua mikono. Kitunga, hakuna aliyekiuliza.

Chini ya miti, majani yaliyofunika kitunga yakateleza. Mukono wa makako, mweusi wa moshi, ukatoka nje, vidole wazi. Clémence alikuwa anatuletea nyama; kwake ni chakula kama samaki, hakufikiri kitu. Dume mukubwa alibweka mara moja. Wote wakashuka, wakawazunguka, meno nje.

Nilikimbia na mwiko wangu. Papa Mahmoudi akanizuia na kiwiko, akaingia peke yake, bila fimbo.

“Clémence, weka kitunga chini. Usikimbie. Lydie, angalia buti zangu mimi Tonton tu.”

Dume alikuwa karibu sana, angeweza kushika nywele za mutoto wangu. Papa akapita katikati yao, akamupa Lydie mugongo, akafungua mikono yake miwili mbele ya yale meno. Akakaa vile. Jasho lilimushuka shingoni. Mimi nilitaka kuita jina la mutoto wangu, nikauma kitenge. Kisha wao watatu wakaanza kurudi nyuma, pole pole, Lydie akiangalia buti. Dume aliwafuata mpaka karibu na mulango, halafu akarudi kukaa kando ya kitunga.

Kesho yake wakubwa walitaka dume afungwe. Papa alikataa, akasema hata yeye angekasirika. Nyama akaizika palepale chini ya muti. Clémence, Papa hakumugombeza, aliongeza neno moja tu ku sheria yake: “Na kitunga?” Mpaka leo Clémence akifika kwangu, mabinamu wanamuuliza vile.

Papa, René atakayeshika kazi yako umemufundisha, lakini bado anatembea haraka, na mimi bado ninachungulia kutoka jikoni kila mara mutoto wa mutu anapoingia.

Aksanti kwa Lydie. Mungu akupe uzee wa amani na wajukuu wa kukusumbua. Siku ile tutasimama wote mulangoni, tutakufungulia mikono. Uangalie vizuri: mikono haina kitu, hatukushike tena. Enda pole pole, tutaangalia miguu yako mpaka ipite kona.