Walisema Sanduku Langu Lina Moyo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe kwa sauti ya juu ya akina mama, na asifiwe kwa besi ya wanaume!

Mimi ni Mama Banza, mwalimu wa shule ya msingi na mwimbaji wa kwaya yetu hapa Kamina. Wengi wenu mmelijua gari langu kabla ya kuujua uso wangu. Mnasikia kifua kinatetemeka, mnasema: "Arusi inakuja, Mama Banza iko mbele." Gari hilo ndilo lililonileta hapa mbele leo. Kwa ajili yake nilikaribia kufukuzwa kama mchawi, na Mungu akanitoa.

Marehemu mume wangu, Kasongo, alikuwa fundi katika karakana ya reli, na Jumapili aliimba besi. Kwaya ilipomaliza kurekodi nyimbo zake, alileta flashi nyumbani, akaichomeka kwenye redio ya gari, akasikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho. Uso ulimkunjamana. Akina mama tulisikika vizuri sana. Besi hakuna.

"Ona," akaniambia, "hii redio inakula bantu! Siye benye besi tulienda wapi? Tulibakia ku mulango?"

Nikamjibu: "Pengine Bwana anapenda soprano tu."

Tulicheka, lakini jambo hilo halikumtoka. Alinieleza kwamba spika ndogo za milangoni haziwezi kusukuma sauti nzito. Sauti nzito inataka spika pana, iliyofungwa ndani ya sanduku lake, ambalo sisi tunaliita bafle, na ampli ya kuipa nguvu. Akaagiza spika na ampli kutoka Lubumbashi. Sanduku akataka kulijenga kwa mikono yake mwenyewe. Alilijengea nyumbani kwa mama yake, upande wa stesheni, kwa sababu jirani yao ni seremala. Seremala huyo kazi yake kubwa ni majeneza. Alimpa mabaki ya mbao za mulombwa, zile nyekundu, na verni ya kupaka.

Sanduku lilikuja kwetu likiwa limekwisha kufungwa, spika iko usoni, skrubu zimekazwa. Tuliliweka chumbani, likisubiri likizo yake.

Likizo haikufika. Homa ilimwangusha, tukampeleka hospitali, na kutoka huko hakurudi. Jeneza lake lilitengenezwa na seremala yule yule, kwa mbao zile zile, kwa verni ile ile. Ndugu zangu, likumbukeni hilo.

Mnajua matanga yetu yalivyo. Bado watu walikuwa wamelala uani, Numbi, mdogo wa marehemu, akasimama mbele yangu na kunyoosha mkono: "Mulamu, lete funguo ya motokari. Kitu ya ndugu yetu inarudia ku jamaa." Wazee wakamwambia angoje siku ya kuondoa matanga, miezi mingi mbele. Mama mkwe wangu aliketi nyuma yao. Alikuwa amejifunika kitenge mpaka puani, akinitazama. Tangu siku ya maziko hakunisemesha hata neno moja. Nikadhani amekwisha kunihesabu kuwa adui, nami nikaacha kumtafuta.

Watoto walihitaji kula na kusoma. Jumamosi nilianza kuwabeba maharusi kwa gari lile. Shule zilipofungwa, nikalitazama lile sanduku chumbani, nikasema: hii kazi ya Kasongo haitalala hapa. Nitaimaliza mimi.

Ndugu zangu, niruhusuni nijisifu kidogo katika Bwana! Sikumwita fundi. Nilikuwa nimemsikiliza mume wangu akieleza mpaka nikachoka, na siku ile kila neno lilirudi. Nilianza kwa kuondoa waya kwenye batri, ili nisicheze na moto. Nikapitisha waya mnene mwekundu kutoka batri hadi kofre, buti la nyuma, na karibu kabisa na batri nikaweka fizible, ili waya ukipata shida ikatike fizible, gari lisiungue. Pale waya unapopenya bati nikauvika mpira, usije ukakatwa na chuma. Waya wa umeme nikaulaza chini ya zulia upande mmoja, na nyaya za sauti upande mwingine, kwa maana zikilala pamoja muziki unapiga mluzi kila ukikanyaga mafuta. Waya wa masi, unaorudisha umeme, nikaufunga kwenye mwili wa gari, baada ya kukwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Ampli nikaikaza kwa skrubu. Mwisho nikalifunga kwa mkanda sanduku la Kasongo kwenye kofre, lisirukeruke katika mashimo ya barabara zetu.

Nikarudisha waya wa batri. Nikachomeka flashi. Nikapandisha sauti polepole.

Akina mama walianza kuimba, kama siku zote. Kisha wanaume wakaingia. Nilisikia kiti kinanguruma chini yangu. Ilikuwa besi ya kwaya yetu, yote, na katikati yake nilimtambua Kasongo. Nililia, nikacheka, nikapiga mikono peke yangu ndani ya gari. Haleluya!

Tangu wiki ile maharusi walinigombania. Lakini furaha yangu iliwaamsha wengine. Kwenye bomba la maji jirani mmoja aliwaambia wenzake: "Ile hapana muziki. Ile njo moyo ya bwana yake inapiga mule. Hamukuona mbao? Iko mbao ya jeneza!"

Mwingine akamjibu: "Njo maana arusi zote zinaenda kwake. Alimufunga bwana mu kofre, anamutumikisha."

Mnacheka sasa! Mimi wakati ule sikucheka. Wazazi wa maharusi wakaanza kuniambia wamepata gari lingine. Watoto wangu walirudi nyumbani na maswali ambayo hakuna mtoto anayestahili kuulizwa. Numbi aliposikia, alifurahi, kwa maana alijua kitu ambacho nami nilikijua: mjane ana sheria ya kumlinda, lakini akisemwa mchawi, hakuna anayeuliza sheria. Atatolewa uani na nguo alizovaa tu.

Siku ya kuondoa matanga ikafika. Jamaa yote ilikuwa uani kwetu, mchana, jua limewaka. Chakula hakikuguswa. Numbi akasema mbele ya watu wote:

"Siye hatutaki maneno mingi. Leta motokari hapa katikati. Fungula ile sanduku, tuone mwenye kuwa ndani."

Nikaleta gari. Nikabeba sanduku, nikaliweka juu ya mkeka. Nikachukua turnevisi ya Kasongo. Katika moyo sikuwa na hofu hata kidogo, kwa sababu nilijua ndani ya bafle kuna nini: hewa, nyaya na mgongo wa spika. Nikafungua skrubu moja baada ya nyingine. Nikainua spika.

Ndani kulikuwa na nguo.

Numbi akatia mkono, akavuta. Likatoka koti la buluu la kazi, la karakana ya reli, limekatwa vipande, na kwenye kipande cha kifua kuna doa la grisi ambalo nililifua miaka yote bila kulitoa. Lilikuwa koti la mume wangu. Kwetu nguo za marehemu hugawiwa mbele ya jamaa yote. Anayeficha hata moja, watu hawaulizi anaificha ya nini; wanasema ni ya uchawi.

Uwanja mzima ulipiga kelele. "Nilisema! Minyi nilisema!" Numbi alikuwa analiinua koti juu kama bendera. Wanawake walivuta watoto wao nyuma. Ndugu zangu! Hata mimi sikujua lilifikaje mle. Nilipiga magoti pale pale, turnevisi mkononi, nikasema: Bwana, mimi sijui. Wewe unajua. Sema wewe.

Naye akasema. Lakini hakutumia kinywa nilichokitazamia.

"Numbi. Shusha ile koti."

Alikuwa mama mkwe wangu. Kitenge kilikuwa kimeshuka mabegani, na watu wote walimgeukia, kwa maana wengi hawakuwa wamesikia sauti yake tangu maziko.

"Ile koti minyi naijua. Kasongo aliikata kwangu, mu lupango yangu, na mukasi yangu. Alikuwa muzima, anapiga mluzi. Nilimugombeza: weye mupumbafu, koti ya kazi unakata vipande? Akaniambia: Mama, sauti ndani ya sanduku bila nguo, ni sawa mutu kutembea bila nguo, inapiga kelele na kutia bantu haya. Akaijaza mule, akafunga. Uyu mwanamuke hakukuwako."

Numbi akajaribu: "Mama, lakini siku zote ulinyamaza..."

"Mutoto yangu alikufa, na kinywa yangu nayo ikakufa. Na weye, Numbi, uliuliza funguo. Minyi hakuna mwenye kuniuliza kitu."

Kisha akanigeukia. Ndugu zangu, swali lile sitalisahau mpaka nife.

"Mama Banza, ile sauti mutoto yangu alikuwa anatafuta, aliipata?"

Nilivirudisha vipande vya koti mahali pake. Nilirudisha spika, nikakaza skrubu. Nikaunganisha nyaya, nikachomeka flashi. Mama mkwe akasogea, akaweka kiganja chake juu ya mbao ya mulombwa. Akina mama wakaimba. Wanaume wakaingia. Kiganja chake kikaanza kutikisika, naye akafumba macho.

"Njo yeye," akasema, kisha akamwita Mungu kwa lugha ya kwetu: "Eyo, Vidye. Njo yeye."

Baada ya hapo hakuna aliyeuliza funguo. Mzee wa jamaa akasema gari libaki kwa watoto wa Kasongo na mama yao. Chakula kikaliwa chote! Numbi akaja akitazama chini: "Mulamu, siku ya arusi yangu, utanipigia?" Nikamjibu: "Nitakupigia mpaka meno ikutikisike." Wazee wakacheka. Nami nilimpigia, naye mwenyewe ni shahidi.

Bwana, nakushukuru! Umelilinda jina langu, umeilinda nyumba yangu, na kazi ya mikono yangu inasikika toka stesheni mpaka barabara ya Base ya jeshi.

Na wewe unayenisikiliza, uliyesemwa kwa jambo usilolijua: usikimbie, usifiche sanduku lako. Mwamini Yesu. Yeye alikuwapo siku lilipojengwa, na atakupatia shahidi, hata kama shahidi huyo ni mtu ambaye humsalimii tena. Kamsalimie leo.

Shahidi wangu ni yule pale, benchi la pili, mwenye kitambaa cheupe. Siku hizi hakubali kukaa kiti cha nyuma garini. Tukitoka hapa mtamwona ananyoosha kidole kwenye redio na kuniambia, kama kila Jumapili: "Mwanangu, ongeza."