Viti Viwili vya Mbele kwa Shati Moja

Kuna jambo sijalielewa mpaka leo. Maati alipokuwa hana kazi, alikuwa akitununulia kahawa. Alipopata kazi Kasablanka, tukaanza kumnunulia sisi. Jumapili moja alitukuta kwenye benchi letu hapa Settat, mbele ya mkahawa unaotazamana na kituo cha teksi, akasema kesho haendi tena kazini. Tulikuwa watatu: mimi, Jilali, tunayemwita Wizara ya Fedha kwa kuwa hajawahi kuwa nazo, na mzee Bushaib, mstaafu wa reli, jina lake Mkaguzi, maana hukagua kila kitu isipokuwa bili ya kahawa yake.

— Uache kazi na mkeo ana mimba kubwa vile? Jilali akamaka.

— Ndiyo maana naacha. Nikiendelea nayo, mtoto atazaliwa anadaiwa.

— Mshahara unakwenda wapi? Hata sigara huvuti.

— Unaliwa na teksi. Nalipia viti viwili, vyote vya mbele.

— Viwili! Umekuwa sultani?

— Pale mbele tukibanana wawili, nashuka shati limekuwa kama limetafunwa na ng'ombe. Na tajiri wangu anasimama mlangoni. Anasema mteja wa mapazia akimwona muuzaji kajikunja, atadhani na pazia litajikunja. Akikuona na mkunjo anakurudisha nyumbani, na siku hiyo hulipwi.

— Si ukae nyuma?

— Nyuma wanakaa wanne, Jilali. Wewe umewahi kupanda teksi, au unasikia tu habari zake?

Mkaguzi akaweka kikombe chini, dalili kwamba hotuba inakuja.

— Tatizo si kiti, ni abiria. Mchukue Hashmi fundi saa. Yule akikaa ubavu humwoni. Awe jirani yako wa kila siku.

— Hashmi ana kibanda chake hapa hapa, mzee. Kasablanka akafanye nini?

— Akawe mwembamba.

— Acha zako, Mkaguzi! Jilali akaingilia. Maati, ndugu yangu, sikiliza. Usiende kabisa. Tuma shati.

— Nitume shati?

— Tajiri anakagua nini mlangoni? Shati. Basi dereva alitundike dirishani, alipeleke, jioni alirudishe.

— Na mapazia auze nani?

— Shati ndilo linalolipwa. Litajua lenyewe.

— Na likifukuzwa kazi? Mkaguzi akauliza, uso mkavu.

— Tutalitafutia nyingine. Shati safi halikosi kazi.

Mimi nikashauri tajiri aombwe ahamishie duka Settat. Nilisema kwa mzaha. Hakuna aliyecheka, nikaona Mkaguzi anatazama vyumba vitupu vya ng'ambo ya barabara, kama anayepima milango.

Hapo ndipo alipotokea Mama Yamna, mkwewe Maati, na fungu la mnanaa kwapani. Huyu alishautangazia mtaa mzima kwamba binti yake ameolewa na mtu wa Kasablanka.

— Nimeambiwa na muuza mnanaa kwamba unaacha kazi, mwanangu.

— Nauli inanimaliza, mama. Hili shati...

— Habari za shati nimezisikia, sauti zenu zinafika sokoni. Nijibu kitu kimoja tu. Hayo mapazia yakishashonwa, yanapigwa pasi wapi?

Jilali akachungulia kikombe chake. Mkaguzi akaanza kutafuta miwani aliyokuwa ameivaa.

— Ghorofani... nadhani, Maati akasema. Kuna mvuke huwa unashuka ngazini.

— Unadhani! Hujawahi kupanda?

— Kule juu wako wanawake peke yao, mama. Nitaanzaje kuwaambia?

— Utaanza na "habari za asubuhi".

Ikaamuliwa basi: kesho Maati aende na kiti kimoja, avae jelaba, maana kanzu ile haijali kubanwa, shati alikunje mfukoni, na akifika aombe pasi. Lakini ilikuwa wazi kwamba peke yake hatapanda zile ngazi; lazima mtu aende naye. Mkaguzi akakumbuka goti lake. Jilali alisema ana shughuli, hakusema ipi. Mimi nikaagiza kahawa nyingine.

Aliyekwenda ni Mama Yamna. Jumatatu asubuhi alijipakia mbele kando ya mkwewe, akajilipia nauli yake. Walipofika dukani, tajiri akafungua kinywa kuhusu ile jelaba. Mama Yamna akamkabidhi mkoba wake ashike, akapanda ngazi, akawasalimia wale wanawake mmoja mmoja, akaomba pasi. Shati akalinyoosha kwa mikono yake mwenyewe, kola mara mbili, huku Maati, jelaba kaivua, akisubiri chini kifua wazi nyuma ya pazia la kijani, akimtajia mteja bei ya pazia hilo hilo.