Asiulizwe Aliyepiga Kengele: Wasifu wa Marehemu Zakaria Obwocha Nyangate (1956–2025)

Wasifu huu unasomwa na Nyasani, mdogo wake marehemu, kwa kuwa watoto wa marehemu hawawezi kuyatamka yote yaliyomo mbele ya watu. Wagusii waliokusanyika hapa tayari wameelewa ni kwa nini. Wageni wetu, wakiwemo jamaa wa Bwana Prakash waliotoka mjini Kisii, wataelewa kadiri tunavyoendelea.

Marehemu Zakaria Obwocha Nyangate alizaliwa tarehe 17 Agosti 1956 karibu na soko la Nyaramba, katika Kaunti ya sasa ya Nyamira. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Nyangate na Mama Nyanchera. Ulikuwa msimu wa kuvuna wimbi, na mamake alipenda kusema kwamba mtoto huyu alitoka amekunja uso, kama mtu aliyeingia nyumba isiyofagiliwa. Waliomfahamu baadaye hawakuona sababu ya kumbishia.

Alianza masomo ya msingi hapo Nyaramba mwaka 1964 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1974. Hesabu zilimpenda, insha zilimkataa. Mwaka 1975 alijiunga na chuo cha ufundi mjini Kisumu akasomea mitambo, na alipohitimu mwaka 1977 alirudi nyumbani na kisanduku cha spana ambacho hakuna ndugu yake aliyeruhusiwa kukigusa. Nyasani alikigusa mara moja tu, na hadithi hiyo haina nafasi hapa.

Mwezi wa Mei 1978 aliajiriwa na Bwana Prakash katika kiwanda chake cha mikate mjini Kisii, akiwa fundi wa mashine za kukandia unga. Alidumu hapo hadi alipostaafu mwaka 2014. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kutengeneza kilichoharibika. Mambo yalibadilika Manish, mwana wa Bwana Prakash, aliporudi kutoka masomoni mwaka 2004 akiwa na mbinu mpya ya kuendesha kiwanda: kupunguza kila aina ya upotevu, kutorundika kazi ambayo meza inayofuata haijaihitaji, na kuzuia kosa pale linapozaliwa badala ya kulingoja mwisho. Manish alimwita fundi wake akamwambia waanze pamoja, maana yeye alizijua mbinu na Obwocha aliwajua watu na mashine.

Marehemu aliipenda kazi hiyo kama mtu aliyeokoka upya. Alifuata mkate mmoja tangu ukiwa unga hadi ukapanda lori, akagundua kwamba ulikuwa unazunguka kiwandani kama mlevi anayetafuta kwao. Meza ya kukatia ilisogezwa karibu na tanuri, na akina mama wakaacha kuzunguka ghala la unga na trei za moto mikononi. Ukutani alichora umbo la kila chombo, ili kisu kikikosekana pengo lake lionekane. Tena hakuishia kazini. Alikwenda nyumbani akachora maumbo ya sufuria kwenye ukuta wa jikoni mwa mkewe. Mama Bosire alimwacha amalize. Jioni hiyo marehemu alikuta sufuria kubwa imetundikwa mahali pa kofia yake ya kanisani, na kofia imeketi juu ya mafiga. Ukuta ule ulipigwa rangi upya.

Mama Bosire huyo ni Mokeira, ambaye marehemu alimwoa tarehe 12 Desemba 1982 katika kanisa la Waadventista, Nyakoe. Mungu aliwajalia watoto wawili, Bosire na Kwamboka. Ilikuwa ndoa ya watu wawili wasiopenda kelele, lakini marehemu mwenyewe alikiri kwamba jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya kiwandani lilianzia kwa mkewe, mezani, wakila ugali na mboga za chinsaga.

Ilikuwa hivi. Mwaka 2005 kiwanda kiliweka kanuni kwamba mfanyakazi akiona kosa amweleze papo hapo aliyelifanya. Kanuni nzuri, na kila mtu aliikubali. Hata hivyo, mikate yenye mapango ndani iliendelea kutoka. Wenye maduka kule Nyamarambe waliirudisha kwa kreti, na iliyorudi ikaishia kwa wafugaji wa nguruwe. Marehemu, Msabato wa kutotiliwa shaka, alisema hakuzaliwa duniani kunenepesha nguruwe wa watu. Alichunguza, akaona kwamba unga ulikuwa unatoka kwenye mashine kabla haujakandwa ukaiva, na kwamba Ruth, mama kijana wa meza ya kukatia, aliyaona mapango hayo kila siku akanyamaza. Alimkemea Ruth mbele ya wenzake wote, akamwita mzembe. Ruth alilia, na hata hapo hakujitetea.

Usiku wa chakula hicho marehemu alimsimulia mkewe kwa hasira. Mokeira aliacha kula.

“Anayekanda unga si Okemwa?” aliuliza. “Okemwa ni ndugu ya babamkwe wake Ruth. Sasa ulitaka amwambie aje? Wewe ni Mgusii wa wapi?”

Kwa faida ya wageni: tunayo chinsoni, ile sheria ya heshima na aibu inayosimama kati ya mzazi na mtoto, na kwa ukali zaidi kati ya mkamwana na babamkwe wake pamoja na ndugu zake. Hawashikani mikono. Mkamwana haingii chumbani kwa babamkwe. Hamkosoi usoni, na habari za mwili hazitajwi kati yao kabisa. Marehemu alizaliwa ndani ya sheria hiyo na kulelewa nayo, ila alipovaa koti la kiwanda aliisahau mlangoni kama mwavuli.

Kesho yake alimwomba Ruth msamaha mbele ya watu wale wale. Kisha alitoa mfukoni kengele ya shaba ya ng'ombe wa babake, akaitundika katikati ya kiwanda na kuifunga kamba ndefu iliyopita juu ya kila meza. Sheria yake ilikuwa fupi. Anayeona kasoro avute kamba. Kengele ikilia, mashine zote zisimame, na watu wote waje waangalie mkate, wasiangaliane. Asiulizwe aliyepiga, wala asitafutwe aliyekosea. Itafutwe kasoro mpaka ionekane. Bwana Prakash alishika kichwa kusikia kwamba hata mfagiaji angeweza kusimamisha kiwanda chake. Manish alimsihi babake avumilie mwezi mmoja.

Wiki ya kwanza kengele ililia hadi majirani wakadhani kumefunguliwa kanisa. Ikagundulika kwamba Okemwa hakuwa mvivu. Saa ya mashine yake ilikuwa imeharibika ikimdanganya, naye aliona haya kumwambia fundi mwenye hasira. Saa ilitengenezwa, mapango yakaisha, na kengele ikapunguza maneno. Nguruwe wa Kisii walirudia viazi. Okemwa na Ruth walifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo kwa heshima kamili, bila mmoja kumwaibisha mwenzake. Marehemu alistaafu kiwanda kikiwa kimeshaweka kengele ya umeme, naye akapewa ile ya shaba arudi nayo. Aliitundika barazani kwake, hapa Nyaramba, juu ya kiti chake.

Sasa tumefika mahali palipofanya Nyasani apewe kazi hii. Mwaka 2019 marehemu alianza kuugua ugonjwa wa wanaume. Mkojo ulimsumbua, kisha ukaja na damu. Mtu huyu aliyefundisha kiwanda kizima kwamba kosa likifichwa hukua, alificha. Mkewe alipouliza kwa nini haketi tena ibada ikaisha, alisema ni uzee. Kaka yetu hakumwambia hata mdogo wake. Kumwambia Bosire, mwanawe, haikuwezekana, na Bosire kumwuliza babake pia haikuwezekana. Kila mtu katika boma hili alimwona akienda nyuma ya migomba, akirudi akijishikilia, na kila mtu alitazama kando kwa heshima. Heshima hiyo ilikuwa inamuua.

Asubuhi moja ya mwezi wa Septemba mwaka huo kengele ya barazani ililia. Ililia kwa nguvu, bila kupumzika. Watu walitoka jikoni, wakatoka kwenye majani chai, wakakusanyika uani. Marehemu alitoka mwisho, akiegemea ukuta, akaikuta kamba inacheza na hakuna mtu chini yake. Kwa mazoea alianza kutafuta kasoro. Aliangalia ng'ombe, akaangalia paa, akaangalia moshi wa jikoni. Vyote vilikuwa salama. Kisha aliwaangalia watu wake, akaona kwamba wote wameinamisha macho.

Ndipo aliposema, “Kasoro ni mimi. Nipelekeni hospitali.”

Aliyepiga kengele siku ile hatatajwa hapa, kwa sababu sheria ya marehemu ni sheria. Itoshe kusema kwamba ni mtu ambaye mila ilimfunga mdomo asimwulize babamkwe wake habari za mwili, na wenye kupenda hesabu wajue kwamba boma hili lina mkamwana mmoja tu.

Hospitalini ilionekana ni saratani ya tezi dume. Daktari alisema wamechelewa kiasi cha kutoweza kuuondoa ugonjwa wote, ila hawakuchelewa kiasi cha kukosa kumtibu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kisii na Eldoret. Matibabu hayo yalimpa marehemu miaka mitano ambayo kimya kingetunyang'anya. Katika miaka hiyo alimwozesha Kwamboka, akampakata mjukuu anayeitwa kwa jina lake, na akapanga majembe na mapanga yote ya boma hili kwa maumbo ukutani, safari hii kwa ruhusa ya mkewe. Aliwaambia wazee wenzake kanisani ukweli wote wa ugonjwa wake, na wapo kati yetu leo waliokwenda kupimwa kwa sababu yake. Wanajijua, na hawataulizwa.

Mwanzoni mwa mwaka huu ugonjwa ulirudi kwa nguvu. Alipolazwa nyumbani, kengele iliwekwa karibu na kitanda ili aombe maji au ageuzwe. Jioni ya tarehe 10 Machi 2025 aliivuta. Watu walikuja wote kama kawaida, mmoja akashika mto, mwingine kikombe, mwingine blanketi. Alikataa kila kitu kwa mkono. Hakukuwa na kasoro. Aliwatazama mmoja mmoja, polepole, mpaka macho yake yakafika mlangoni, ambako Nyakerario, mke wa Bosire, alikuwa amesimama nje ya kizingiti kama mila inavyotaka. Hapo marehemu aligeuzia uso wake ukutani, kwa heshima, akasema kwa sauti iliyosikika na wote:

“Yule aliyepiga siku ile, namshukuru. Simuulizi ni nani.”

Nyakerario alijifunika uso kwa leso yake. Marehemu alilala alfajiri ya tarehe 11 Machi 2025 akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Ametanguliwa na wazazi wake, Mzee Nyangate na Mama Nyanchera. Ameacha mjane, Mokeira; watoto, Bosire na Kwamboka; mkamwana, Nyakerario; mkwe, Ochoki; wajukuu, akiwemo Obwocha mdogo; ndugu zake, akiwemo Nyasani; familia ya Bwana Prakash na mkewe, Mama Lalita; na wafanyakazi wenzake, ambao asubuhi ya leo wamesimamisha mashine zote ili wawe hapa. Tunaona haya kuwatazama, Ruth na Mzee Okemwa, maana mmekaa kila mmoja upande wake wa hema kama inavyostahili, na nyote wawili mnalia.

Kengele itabaki mlangoni pa jikoni, mahali alipoagiza. Yeye na apumzike hapa kwao hadi parapanda itakapolia, na siku hiyo hakuna atakayehitaji kuuliza ni nani amepiga.