Commandant Kasonia na Vikwembe vya Kalunguta

Baada ya miaka ishirini na sita ya kurusha helikopta za shirika letu kati ya Beni, Butembo na vijiji ambavyo gari haifiki, Commandant Kasonia Timothée anastaafu tarehe 30 Juni. Bureau yetu ya safari imeniomba ukurasa mmoja juu yake. Mwenyewe angetosheka na nusu.

Alianza kama fundi wa injini, akaenda kusomea urubani, akarudi na kofia ambayo mke wake, Mama Virginie, aliificha mara mbili kwa aibu. Alibeba wagonjwa, wauguzi, chanjo, na siku moja wahubiri wawili waliogombania kiti cha dirishani. Kila abiria alipandishwa kwenye mizani pamoja na begi lake, na katika miaka yote hiyo hakutokea hata mmoja aliyetaja kilo zake za kweli.

Butembo ukungu hukalia mji mpaka saa nne, na kila anayengojea helikopta huapa kwenye simu kwamba hakuna hata wingu. Kasonia hakubishana na mtu. Aliuliza tu kama nguo walizoanika zimeanza kukauka.

Kazi hii ina raha yake: safari ya siku nzima kwenye matope, yeye aliimaliza kwa robo saa. Ina uzito wake pia. Rubani ndiye anayesema hapana, na watu walio chini hawasikii sababu.

Miaka tisa iliyopita tulifungua uwanja mpya wa kutua huko Kalunguta. Safari ya kwanza ilikuwa ya kumchukua Falonne, mwenye mimba ya miezi minane, aliyekuwa akitoka damu. Mama mkwe wake, Mama Kavuo, pamoja na wamama wa parokia, walitandika vikwembe vyao, vitenge vya kujifunga, chini kama mnavyojua mgeni wa heshima anavyopokelewa. Upepo wa helikopta ungeviinua vikwembe hivyo hadi kwenye mapanga yake, nayo ingewaangukia. Kasonia aliviona, akapaa tena, akatua kwenye kiwanja cha shule ng'ambo ya bonde. Falonne alifikishwa huko kwa kipoyi, machela ya kubebwa mabegani, baada ya dakika arobaini. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Rapport ya shirika, yaani ripoti ya tukio, ilisema chanzo cha kuchelewa ni raia. Kasonia alikataa kuitia sahihi. Akaambiwa wazi kwamba cheo cha mkuu wa marubani, alichokingoja miaka mingi, kinategemea sahihi hiyo. Alifuta neno "raia", akaandika "sisi", ndipo akatia sahihi. Cheo kikaenda kwa mwingine.

Jumapili iliyofuata alipanda pikipiki mpaka Kalunguta, akaomba neno baada ya misa. Wamama walikuwa wamemnunia, kwa kuwa waliamini amewadharau. Alipokwisha kueleza mambo ya upepo, Mama Kavuo alisimama mbele ya watu wote.

"Commandant, ni miye njo nilichelewesha bibi ya mutoto wangu?"

"Hapana, Mama. Ni siye njo tulikosaka kukuya kubaambia mbele ya kutua."

Alikaa nyumbani kwa Mama Kavuo mpaka jioni, akala bugali na sombe ya majani ya muhogo, akarudi kazini.

Tangu hapo hakuna uwanja unaofunguliwa kabla rubani hajaenda kwa barabara kuketi na wenyeji. Viwanja kumi na tisa vimefunguliwa hivyo, huko Oicha, Mbau na kwingineko. Siku hizi ni sheria ya shirika, na wakubwa wetu huitaja kwa majivuno kila wanapopokea wageni.

Ukurasa unaniishia, basi niseme. Rapport ile niliiandika mimi. Niliogopea kazi yangu. Kasonia alijua tangu siku ya kwanza. Kesho yake alinisalimia, akaniuliza habari za watoto, na mpaka leo hajaniuliza jingine.

Commandant, sisi wote wa Beni na Butembo tunakushukuru, na tunakuombea uzee mtamu pamoja na Mama Virginie. Na kwa karatasi ile, naomba unisamehe.

Gracien Syauswa
Bureau ya safari, Beni