Springi Aliyoitoa Bi Mwanakombo

Tarehe 30 Juni 2025 Bi Mwanakombo Talha, fundi wa karakana ya Klabu ya Uvuvi ya Mwamba Mweupe hapa Kunduchi, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja kazini. Mimi, Demetria wa kaunta, nimeombwa niandike wasifu mfupi na wa furaha. Ufupi nitajitahidi.

Alizaliwa Temeke, anaishi Chamazi, na alianza hapa mwaka 1994 akiosha boti. Fundi wa wakati ule alimwona akifungua rili, mashine ya kukunjia mshipi wa kuvulia, na kuirudisha bila kubakiza skrubu hata moja. Akampa kiti karakanani. Tangu siku hiyo rili zote za zamani, zile nzito ambazo wanachama wamerithi kwa baba zao, zimepita mikononi mwake.

Ugonjwa wa rili hizo karibu ni mmoja. Upo waya uliopinda kama mshikio wa ndoo, unaofunguliwa wakati wa kurusha na kufungwa wakati wa kukunja. Springi yake ikichoka, au grisi ikiganda, waya haujifungi na mshipi unavurugika wote. Bi Mwanakombo aliosha kwa mafuta ya taa, akanyoosha waya, akatia tone moja la mafuta. Kisha mwenye rili alikalishwa benchini, afungue na kufunga kwa mkono mara hamsini mbele yake. "Kwa mkono, baba. Ukizungusha mpini ili waya ujifunge kwa kishindo, ndivyo unavyoivunja." Jaji mmoja alifika thelathini na nane akajidai amemaliza. Alianzishwa upya.

Springi za rili hizo hazitengenezwi tena. Miaka yote alizitoa kwenye rili zilizokufa, akazipanga katika droo moja, kila aina na karatasi yake. Januari, Bi Mwanakombo akiwa likizo, Mkurugenzi wetu Bwana Anwar aliagiza droo ile imwagwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ili rili mpya za plastiki zipate nafasi. Hakumuuliza mwenyewe. Nilikuwepo, nikanyamaza, na linanichoma mpaka leo.

Mwezi Mei Bwana Anwar huyohuyo akaja na rili ya marehemu baba yake, springi imekatika, na Jumamosi anaenda kuvua na wanawe. Springi ya aina ile ilikuwa imebaki moja tu, ndani ya rili ambayo Bi Mwanakombo aliachiwa na mumewe, aliyopanga kuvulia akishastaafu. Akaitoa, akamfungia. Bwana Anwar akasema, "Ahaa, kumbe zipo!" Akaondoka. Hata benchini hakukaa.

Bi Mwanakombo alinisihi, "Demetria mdogo wangu, hilo usilitie kwenye karatasi. Mwache avulie rili ya baba yake." Nimelitia. Wanasema hasira hasara. Basi nipate hasara. Shukrani ya punda ni mateke, lakini sisi si punda.

Dada yetu, ahsante kwa kazi, kwa ukali wako na kwa chai ya tangawizi ya kila asubuhi. Tunakuombea afya, mapumziko marefu na samaki wakubwa. Friji utakayokabidhiwa leo inatosha samaki wa mwezi mzima.

Bwana Anwar, wewe ndiye utakayeikabidhi. Ikabidhi pamoja na springi yake aliyokufungia.