Inakauka, Iko Inakauka

Ng'ambo ya garaji, kwenye kona ya barabara inayoelekea Cité Albert, mtaa wa Waafrika, palikuwa na benchi la mataruma ya reli yaliyotupwa, zito kiasi kwamba hakuna mwizi aliyewahi kulitamani. Kando yake Mama Rabia aliwasha mbabula yake ya makaa na kuteleka birika la kahawa ya tangawizi. Kila adhuhuri, Wazungu wa Élisabethville wakienda kula na kulala kidogo, benchi lilijaa. Kunda, aliyeitwa Wagoni kwa kuwa alizeekea karakana ya reli, alikaa upande wa mbabula. Ngosa, aliyeitwa Dokta kwa kuwa alifagia wodi za hospitali, alikaa katikati ili asipitwe na neno. Edouard, aliyeitwa Misale, yaani kitabu cha misa, alikaa mwisho na miwani yake. Huyo aliweza kusoma chochote kilichochapishwa, hata asichokielewa. Siku ile ya masika mtu wa nne alikuwa Amadi, mpaka rangi, naye hakukaa. Alisimama na kikombe ambacho hakukinywa, akiitazama barabara.

— Amadi, ikala chini, alisema Wagoni. Unasimama sawa nguzo ya telefone.

— Nitakaa lori likipita bila kuingia.

— Lori gani? aliuliza Dokta, ambaye ndiyo kwanza amefika.

— La vipuri, kutoka Kasumbalesa. Patron ameagiza likifika liingie moja kwa moja garajini.

— Mule mwenye ulipaka jana?

— Humo humo.

Dokta akapiga mluzi. Mama Rabia akaacha kumimina.

Mambo yalikuwa hivi. Amadi alikuwa ameipaka sakafu ya garaji rangi nyekundu ya saruji, mkono wa kwanza, kisha wa pili, na ule wa pili ulimalizika jana. Asubuhi hii Faustin, kapita yaani msimamizi wa garaji, alichungulia dirishani akauliza habari ya sakafu. Amadi akamjibu neno moja: "Inakauka." Faustin akaenda ofisini akalipeleka neno hilo kwa Kifaransa. Kabla ya chakula patron, Mzungu mwenye garaji, alimpita Amadi uani, akampiga bega, akasema, "Bravo, Amadi. Sec!" Yaani, imekauka. Akapanda gari lake akaondoka. Faustin naye akaenda kula, na ufunguo ukaenda naye mfukoni.

— Sasa weye ulisema nini? aliuliza Misale.

— Nilisema inakauka.

— Basi ulisema iko sec. Kwisha.

— Sikusema hivyo! Nilisema inakauka. Inaendelea.

— Ile njo "iko inakauka," alisema Dokta. "Inakauka" njo kintu kilishakwisha. Wakisema "anakufa," unaenda kumuzika, hauendi kumupelekea chakula.

— Kwetu Kasongo, akisemwa anakufa, tunakimbilia dawa.

— Ah, Kiswahili ya Kasongo! Wagoni alicheka, kisha akauona uso wa Amadi, akaacha.

Amadi alilelewa Kasongo na bibi aliyemsahihisha kila neno, na kwa bibi huyo "inakauka" ilikuwa safari, si kufika. Kwa watu wa mji huu wa shaba ilikuwa kufika. Miaka yote aliyokaa hapa walikuwa wakimcheka kwa hilo, naye akicheka pamoja nao. Leo neno hilo lilikuwa barabarani, limepakiwa vyuma, na magurudumu yake yalikuwa ya moto kwa safari ndefu. Likikanyaga sakafu ile litaondoka na rangi yote. Patron atamfukuza kazi, na mtu mweusi aliyefukuzwa kazi hakuachwa mjini. Atapandishwa treni pamoja na mkewe, Feza, kurudishwa kwao. Feza alikuwa na mimba kubwa. Mkunga alikuwa amemkataza hata kwenda kuchota maji.

— Lakini pengine inakauka kabisa, alisema Wagoni kwa upole. Uliigusa?

— Niliigusa. Nilikandamiza kidole gumba kwenye kona, nikakizungusha. Ngozi ya juu ikajikunja kama ngozi ya uji uliopoa. Chini bado mbichi.

— Shida iko pale, alisema Wagoni. Ku reli tulikuwa tunapaka wagoni, kiisha inaenda Bukama. Inakauka mu njia. Rangi inapenda kutetemeka. Sasa sakafu, nani ataitetemesha?

— Wapi! Dokta aliinua mkono. Rangi iko sawa kidonda. Juu inafanya gamba, ndani iko maji. Ukiondosha gamba mapema, unaanza upya. Tutie poda. Kama poda haiko, tutie majivu ya Mama Rabia.

— Majivu yangu hayaendi popote, alisema Mama Rabia.

— Bakubwa, munyamaze, nisome.

Misale alikuwa ameliokota kopo tupu la rangi ambalo Amadi alikuja nalo. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

— "Sec au toucher." Ile njo mukono tu, unaweza kugusa. Inasema usiku moja.

— Usiku mmoja umepita, alisema Amadi. Endelea. Magurudumu je?

— Ngojea. "Dur à cœur." Inakuwa nguvu mpaka mu moyo. Nyuma ya siku...

— Siku ngapi?

Misale aligeuza kopo kuelekea mwangani. Akalikwaruza kwa ukucha. Tone la rangi nyekundu, pana kama sarafu, lilikuwa limeteremka kutoka ukingoni likakaa juu ya tarakimu.

— Inafunikwa, alisema. Na hii, inakauka kabisa. Haitoke.

Amadi alilitambua tone lake mwenyewe. Kwa mara ya kwanza siku ile alitaka kucheka.

— Kumbe rangi iko na moyo? aliuliza Wagoni.

— Iko. Inaandikwa.

— Basi miye najua hii maneno, alisema Dokta. Moyo inatumika mpaka muntu anakufa. Kukauka mpaka mu moyo, njo kusema rangi inakufa. Na ku hospitali, benye nguvu banakawia kufa. Amadi, patron alinunua rangi ya nguvu ao ya bule?

— Alinunua yenye nguvu kuliko zote.

— Itakawia.

— Tena nyekundu, alisema Wagoni. Damu.

— Nyekundu haina kosa, alisema Misale. Kosa ni kwamba inatoka Ulaya. Sasa kule iko baridi, hakuna kintu inakauka kule. Rangi haijue kama iko Katanga. Inangojea jua ya Ulaya, mwezi wa saba.

— Mwezi wa saba!

— Kama meli haikuichelewesha.

Kila mmoja akauona mwezi wa saba. Ndipo Faustin alipotokea kwenye kona, akifuta mdomo kwa leso, ufunguo ukining'inia kidoleni. Amadi alikiweka kikombe chini na kumfuata hadi mlangoni.

— Faustin, ndugu yangu. Mwambie patron nilisema bado inaendelea kukauka.

— Ulisema "inakauka."

— Ndiyo, nilisema.

— Basi nilisema "c'est sec." Sasa unataka nimwambie nini? Kama sijue Kiswahili, ao kama sijue Kifaransa? Unichagulie.

— Mwambie tulikosana neno.

— Patron ananilipa juu ya hii mudomo tu. Kapita mwenye anakosa neno, anabakia na kazi gani?

— Na Feza?

Faustin alitazama viatu vyake.

— Najua, alisema polepole. Muke yangu anamupikia kila siku. Najua.

Lakini aliutia ufunguo katika kufuli, akayasukuma mabawa mawili ya mlango.

Sakafu ilikuwa nyekundu na laini, imetulia kama maji ndani ya beseni. Amadi hakuwahi kupaka kitu kizuri kama kile. Hata wale wa ng'ambo ya barabara walisimama kuitazama, na Wagoni akavua kofia.

Honi ikalia mbali, upande wa reli.

Amadi akasimama katikati ya mlango.

— Toka pale, alisema Faustin. Ukisimama pale unakatala kazi. Watakufunga, si kufukuza tu. Amadi, miye nakuomba. Toka.

Amadi hakutoka. Lori lilijitokeza mwisho wa barabara, limejaa, limeinama upande mmoja, likija polepole. Ndipo Mama Rabia alipoinua birika kutoka kwenye makaa.

— Jua limefika kwenye benchi langu, alisema. Baba zangu, lihamisheni mpaka pale mlangoni. Pale kuna kivuli.

Tangu alfajiri mbingu ilikuwa imefunikwa na mawingu. Hakuna aliyeuliza jua gani. Wagoni alishika ncha moja, Dokta na Misale wakashika nyingine, wakavuka barabara wakihema, wakalitua benchi mbele ya miguu ya Amadi, nje kidogo ya ukingo wa rangi. Wakaketi. Mama Rabia akawagawia vikombe. Lori lilisimama mbele ya magoti yao, na pumzi ya moto ya mashine ikawapuliza usoni.

— Muko wazimu? alipiga kelele dereva.

— Tuko tunakunywa kahawa, alisema Dokta, akanywa.

Gari la patron likafika nyuma ya lori. Alishuka, uso mwekundu kwa usingizi uliokatizwa, akapita kando ya lori, akalitazama benchi, akamtazama Faustin.

— C'est sec, oui ou non?

Imekauka, ndiyo au hapana: wote walielewa, hilo halikuhitaji mfasiri. Lakini patron alimuuliza kapita wake, na ni kapita aliyetakiwa kujibu. Faustin aliwatazama wazee watatu kwenye benchi, kisha Amadi, ambaye hakumwomba tena kitu.

— Pas encore, patron. Bado, alisema. Ni miye. Nilisikia mubaya.

Patron alizunguka benchi, akachuchumaa ukingoni, akabonyeza kidole gumba juu ya wekundu ule, kwa nguvu, kama mtu asiyemwamini yeyote. Alipokiinua kilikuwa kimepakwa. Alikitazama muda mrefu. Kisha akamgeukia dereva, akampungia mkono ulio safi arudi nyuma, na lori likaanza kurudi, likinguruma.

Alimwonyesha Faustin ofisi kwa kidevu; huko wangeongea wawili. Faustin akaenda, mikono nyuma, bila kugeuka. Halafu patron alimwendea Amadi, kidole chekundu kikiwa kimeinuliwa mbali na shati.

— Weye, baki hapa. Chunga, alisema kwa Kiswahili chake kichache. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli: Itakauka lini?

Amadi akamtazama Wagoni. Wagoni akamtazama Dokta. Dokta akamtazama Misale, na Misale akalisukuma kopo chini ya benchi kwa kisigino. Mama Rabia aliinamisha birika juu ya kikombe cha Amadi. Likatoa matone mawili na masimbi ya kahawa.

Patron alisubiri, kisha akaingia ofisini akifuta kidole. Amadi akaketi, hatimaye, kwenye ncha ya benchi. Nyuma ya mgongo wake, pembezoni mwa wekundu ule mkubwa, alama ya kidole gumba cha patron ilikuwa imebaki. Katika mji ule walioweka vidole gumba kila siku kwenye karatasi, mahali pa jina, walikuwa watu wa upande wa benchi.

— Usiifunike ile, alisema Wagoni kwa sauti ya chini. Uiache ikauke.